Kwa nini filamu inaganda kwenye simu yako na kwa jirani inacheza vizuri?

Umetoka shambani au machimboni, umeoga, umekula. Unafungua filamu uliyowekewa kwenye memori kadi pale Katoro siku ya gulio. Sauti inakuja, lakini picha inaganda, inaruka, inaganda tena. Mtu anafumba mdomo ndipo wewe unaona akianza kuufungua. Muda si mrefu simu imepata moto mgongoni na chaji imeshuka, na kesho utalipa tena kuchajisha kwa mwenye sola. Jirani anachukua kadi ile ile, anaiweka kwenye simu yake, filamu inatiririka kama maji.

Hapo ndipo wengi huambiwa simu imekufa, wanunue nyingine. Kabla hujauza mbuzi, tusikilize kidogo.

Video ni picha nyingi zinazopita haraka, kati ya 24 na 30 kwa sekunde. Picha moja ya video ya 720p ina vitone 1,280 kwa upana na 720 kwa kimo, yaani vitone 921,600. Rangi ya kila kitone ingeandikwa kamili, sekunde moja ya picha 30 ingekula karibu MB 83. Kadi ya GB 4 ingejaa kabla dakika moja haijaisha! Lakini tunajua filamu ya saa mbili inaingia kwenye GB 1, na pengine pungufu ya hapo.

Inaingia kwa sababu imefinywa. Mtangazaji wa televisheni anaposoma habari, ukuta ulio nyuma yake hausogei. Hakuna haja ya kuuandika upya mara 30 kila sekunde. Faili linatunza picha moja kamili, halafu kwa zinazofuata linaandika zaidi kile kilichobadilika: midomo, kope, mkono. Simu yako ndiyo inayokusanya vipande hivyo na kuijenga upya kila picha, papo hapo, bila kuchelewa.

Kanuni za kufinya na kufungua huitwa kodeki, na zipo za aina nyingi. H.264 ilitoka mwaka 2003, na karibu kila simu janja inaifahamu. H.265, ambayo pia huandikwa HEVC, ilitoka mwaka 2013. Hii inaweza kupunguza faili hadi karibu nusu kwa ubora ule ule, ndiyo maana wanaojaza kadi wanaipenda: filamu nyingi zaidi zinaingia. AV1 ilifuata mwaka 2018. Kadiri kodeki inavyofinya sana, ndivyo kazi ya kufungua inavyokuwa nzito.

Sasa, wenzetu wa Nyarugusu na Kakola mtaelewa haraka. Mawe ya dhahabu unaweza kuyaponda kwa nyundo, au unaweza kuyapeleka kwenye karasha. Prosesa kuu ya simu ni kama mtu mwenye nyundo. Anaweza kazi yoyote utakayompa, lakini kwa kazi hii atatoka jasho. Ndani ya chipu hiyo hiyo kuna sehemu ndogo iliyojengwa kwa kazi moja tu ya kufungua video. Hilo ndilo karasha. (Mfano wetu unachechemea mahali pamoja: karasha la machimboni linakunywa dizeli, ila hili la ndani ya simu linatumia umeme kidogo kuliko prosesa kuu.)

Shida ni kwamba karasha la simu linasaga tu aina za kodeki lililojengewa kiwandani. Simu ya jirani inaweza kuwa nalo la H.265, yako ikawa na la H.264 peke yake. Faili la H.265 likija kwako, prosesa kuu inashika nyundo. Joto, picha kuganda na chaji kuisha vinatoka hapo. Na hakuna programu ya kupakua itakayoongeza sehemu isiyokuwepo kwenye chipu. Anayekuahidi hivyo anataka bando lako, au kitu kibaya zaidi.

Kama unatumia MX Player, gusa skrini filamu ikiwa inacheza. Utaona herufi HW, HW+ au SW. HW na HW+ maana yake karasha linafanya kazi; SW maana yake ni nyundo. Ukikuta SW, jaribu kwanza HW+, kisha HW. Ikikataa, huenda simu yako haina sehemu ya kodeki hiyo. Kinyume chake pia hutokea: sauti ipo lakini picha ni nyeusi, au ina mistari ya kijani. Hapo karasha limeshindwa faili, kwa hiyo rudi SW. Kwenye VLC jambo hili liko ndani ya mipangilio. Iache kwenye otomatiki isipokuwa picha inaharibika.

Picha ikicheza vizuri bila sauti, hilo ni jambo jingine kabisa. Sauti nayo ina kodeki zake, na MX Player iliacha kubeba baadhi yake, kama AC3 na DTS, kwa sababu ya leseni. Jaribu faili hilo kwenye VLC.

Ukienda tena kujaza kadi, tazama jina la faili. Likiwa na x265, HEVC au 10bit, na simu yako ni ya bei ndogo au ya zamani, omba filamu hiyo hiyo ya x264, ya 480p au 720p. Neno 10bit ni la kuangalia zaidi, maana hata baadhi ya simu zenye karasha la H.265 haziliwezi. Faili la x264 huwa kubwa zaidi, kwa hiyo kadi itabeba filamu chache.

Na usilipe kabla ya kujaribu kwenye simu yako mwenyewe. Usiishie kwenye maandishi ya mwanzo, hapo picha imetulia na kazi ni ndogo. Sogeza mbele hadi kwenye mapigano au magari yanayokimbizana, uache icheze dakika mbili tatu.