Watoto Wetu na Barabara ya Lami

Wengi wetu tuliokulia Ufipa tunaikumbuka barabara ya Tunduma kabla ya lami. Mashimo, vumbi la kiangazi na matope ya wakati wa mvua vilimlazimisha kila dereva kupunguza mwendo, apende asipende. Tulilalamika sana. Katika miaka ya 2010 lami ikaja, kilomita zipatazo 220 kutoka Tunduma hadi Sumbawanga, ikipita Laela na Mpui. Tunashukuru, maana mahindi yanafika sokoni na mgonjwa anafika hospitali. Aliyeachiwa hesabu ngumu ni mtoto wa darasa la kwanza.

Hebu tuifanye hesabu hiyo, wapenzi wasomaji. Barabara ya upana wa mita 7 humchukua mtoto mdogo kama sekunde 7 kuivuka. Katika muda huo lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa limekwisha kupita mita 155. Likienda kilomita 30, halifiki mita 60. Sheria yetu inaruhusu kilomita 50 penye makazi. Mkutano wa mataifa uliofanyika Stockholm, Sweden, mwaka 2020 ulihimiza isizidi 30 mahali magari yanapochanganyika na wenye miguu na baiskeli. Kwa hiyo kumwambia mtoto "tazama kulia na kushoto" ni vyema, lakini hakutoshi.

Jijini Dar es Salaam shirika la Amend lilianza kwa kuchunguza njia ambazo watoto hupita kwenda shule na mahali wanapovukia. Kisha likajenga matuta, vivuko na njia za miguu, na penginepo lango la shule likahamishiwa upande wenye magari machache. Kazi hiyo ndogo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya WRI mwaka 2019. Lango tu! Nani kati yetu amewahi kufikiri kwamba lango linaweza kuokoa maisha?

Sisi akina mama tunaweza kuanza na jaribio la muda. Mwezi wa Februari au Machi, mvua zikiwa nyingi, watu watatu au wanne wa jumuiya wasimame karibu na shule asubuhi na wakati wa kutoka. Wahesabu watoto wanaovuka, na waandike ni wapi hasa. Watazame pia wanafunzi wa sekondari wenye baiskeli, ambao mfereji ukijaa maji husukumwa hadi kwenye lami yenyewe. Daftari hilo lipelekwe kwa mwalimu mkuu, serikali ya kijiji au mtaa, na polisi wa usalama barabarani. Barabara kuu ni ya TANROADS. Zile za mitaani na vijijini ni za TARURA, iliyoundwa mwaka 2017.

Shule zikifunguliwa Julai, mvua hakuna na chokaa haioshwi. Kwa kibali chao, pachorwe kivuko cha chokaa, matairi chakavu yaliyopakwa rangi nyeupe yapangwe pembeni kutenga njia ya miguu na baiskeli, na mtu mzima mwenye bendera asimame hapo wiki mbili. Kisha tuhesabu tena. Kama watoto bado wanavukia kwingine, kivuko kihamishwe. Chokaa hufutika, tuta la lami likikosewa mahali, litakaa hapo miaka.

Jambo moja tulikatae kabisa. Mtoto anapogongwa, watu kwa hasira hupanga magogo na mawe barabarani. Usiku wa ukungu, anayeanguka hapo ni kijana wa bodaboda, naye ana mama yake.

Wiki mbili zikiisha, matairi yaondolewe, na barua ya kuomba tuta na kivuko cha kudumu iandikwe siku hiyohiyo, pamoja na hesabu zote mbili, ile ya Machi na ile ya Julai.