MALI BILA DAFTARI
Daftari la nyumba sasa li ndani ya simu

Wazee wetu walituachia neno kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wafanyabiashara wa huku Pwani hawalisahau neno hili, na muuza duka asiyeandika mikopo yake huwa hamalizi mwaka. Lakini ni nyumba ngapi, msomaji, ambazo mwenyewe akiulizwa ghafla ana masinia mangapi, na lipi ni lake na lipi ni la mkewe, ataweza kujibu pasi na kukuna kichwa? Yetu haikuwa miongoni mwazo.

Babangu alifariki mwaka wa 2016. Baada ya hitima tulikaa kitako, jamaa wote, kugawanya alichokiacha. Nyumba haikututaabisha, kwani ilikuwa na hati. Fedha nazo zilijulikana. Kilichotutia fitina ni vyombo viwili: kasha la kizamani lenye misumari ya shaba lililokuwa chumbani mwa mamangu, na dele la kahawa. Ami yangu alishikilia kwamba vyote viwili vilikuwa vya babu, na mirathi ya babu haikupata kugawanywa sawasawa. Mamangu naye akasema kasha alikuja nalo siku ya harusi yake. Mimi niliyekaa baina yao naweza kushuhudia kwamba hapakuwa na mwongo hata mmoja. Kila mtu alisema alivyokumbuka. Kasha liliokolewa na picha moja ya mwaka wa 1974, iliyopigwa nyumbani kwa wazazi wa mamangu kabla hajaolewa, na kasha laonekana nyuma yake. Dele halikuwa na picha. Likenda kwa ami, na kwa muda wa miaka miwili watu waliozoea kula sinia moja wakawa wakisalimiana kwa adabu tu.

Kwa hakika sisi Waislamu hatuna udhuru. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyomo ndani ya Suratul Baqara, yahusu kuandikiana madeni. Na imepokewa kutoka kwa Ibn Umar kwamba haimpasi Mwislamu mwenye kitu cha kuusia kulala siku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa. Kabla mrithi hajapata senti moja, hutolewa gharama za mazishi, kisha madeni, ikiwemo mahari ya mke kama haikulipwa, kisha wasia usiozidi thuluthi. Lakini hayo yote yasimama juu ya jambo moja: kujua marehemu alikuwa na nini. Cha mke si cha mume, hata kama kimekaa chumba kimoja na mumewe kwa miaka arubaini.

Basi mwaka jana alikuja likizo mpwa wangu, msichana asomaye mambo ya tarakilishi, akanikuta nikitafuta risiti ya jokofu lililoharibika. Niliipata, lakini ilikuwa nyeupe pepepe. Risiti hizi za siku hizi huchapwa kwa joto, na joto la Mombasa pia hujua kuzifuta. Akacheka. “Mjomba,” akaniambia, “kwa nini usiipige picha siku ile ile?” Hapo ndipo aliponionyesha kwamba ziko programu za simu zilizotengenezwa makusudi kwa kuandikia vyombo vya nyumbani.

Kazi yake si ngumu. Wapiga picha chombo, waandika jina lake, chumba kilimo, siku ulipokinunua na bei, na chini yake waweka picha ya risiti. Ukitaka kujua kinu kiko wapi waandika “kinu”, na simu yakujibu. Baadhi ya programu husoma ile milia myeusi iliyo juu ya maboksi ya bidhaa na kujaza jina zenyewe, jambo lifaalo kwa pasi na runinga, lakini mbuzi ya kukunia nazi haina milia.

Waliozitunga, naona, ni watu wa nchi ambako nyumba nzima huhesabiwa kuwa ya mtu mmoja, na shabaha yao kubwa ni kudai bima nyumba ikiungua. Ile tuliyoianza ilikuwa na nafasi ya bei, ya rangi, hata ya uzito, lakini nafasi ya mwenyewe haikuwamo! Kwetu sisi hilo ndilo swali la kwanza. Mpwa wangu akatumia alama za kugawia makundi: moja ya mamangu, moja yangu, moja ya mke wangu, na ya nne akaiita “Amana”, kwa vitu vya watu. Nilidhani hiyo ya nne itabaki tupu.

Tahadhari nazo zapasa kusemwa. Programu nyingi ni za bure mpaka ufikishe idadi fulani ya vitu, kisha wadaiwa ada. Nyingine huweka picha zako katika mitambo iliyo nchi za mbali, na kampuni ikifunga milango, daftari lako limekwenda nayo. Kwa hivyo ichague ile iruhusuyo kutoa orodha nzima kwa jedwali la kawaida, uichape karatasi, uiweke pamoja na wasia. Wala picha peke yake si ushahidi wa umiliki. Yaonyesha chombo kilikuwapo, haionyeshi ni cha nani. Ndiyo maana tulimsomea kila mtu mzima orodha yake, wengine wakisikiliza, akasema ndiyo au la.

Mamangu alikataa katakata dhahabu zake zisipigwe picha. “Simu huibwa,” alisema, “na jicho halina dawa.” Sikumbishia, kwani la simu kuibwa ni kweli tupu. Bangili na vipuli vyake ameviandika mwenyewe kwa mkono wake, kwa herufi za Kiarabu kama alivyofundishwa chuoni, na karatasi aijuayo mahali ilipo ni yeye na dadangu.

Ilituchukua siku tatu. Chumba cha kulala hakikutumaliza nguvu, lakini jikoni! Tulihesabu vijiko vya upawa kumi na kimoja katika nyumba ya watu watano. Akina mama wa zamani, msomaji, walikuwa na programu yao: kila sufuria na kila sinia lilitiwa alama chini kwa rangi ya kucha, ili vyombo vikichanganyika harusini au matangani kila kimoja kirudi kwao. Alama ya mamangu ni nukta mbili nyekundu. Mpwa wangu alikuwa akipindua kila chombo na kuipiga picha ile alama, mpaka akafika sinia kubwa la shaba lililokaa juu ya kabati tangu nilipokuwa kijana. Chini yake palikuwa na msalaba mdogo wa kijani.

Mamangu alilitazama, akanyamaza kitambo. “Hilo si langu,” akasema. Alitaja jina la jirani yetu wa mtaa wa nyuma, aliyetuazima sinia hilo kwa harusi ya dadangu. Jirani amekwisha kufariki, Mungu amrehemu, na mirathi yake imegawanywa bila ya sinia lake.

Jioni ile ile tulilisugua kwa ukwaju na majivu, tukalipeleka. Binti yake alitufungulia mlango, akalipindua, akaiona alama ya mamake, akakaa kitako pale pale kizingitini. Mamangu akamwomba radhi, na akamwomba awaarifu ndugu zake wote, kwani sinia sasa ni lao wote. Yule binti akafuta macho, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na birika mkononi.

“Nyanya,” akamwambia mamangu, “hizi nukta mbili nyekundu si zako?”