Damu kama Shahidi wa Mlo: Namna ya Kupima Ulaji wa Nafaka Isiyokobolewa

Katika utafiti wa lishe, swali la mtu amekula nini ni jepesi kuulizwa na gumu kujibiwa. Kwa miongo mingi watafiti wametegemea hojaji: mshiriki huulizwa alikula nini jana, au hula chakula fulani mara ngapi kwa juma, na jibu lake huandikwa kama lilivyo. Mbinu hiyo ni ya gharama nafuu na inaweza kufikia maelfu ya watu, lakini imejengwa juu ya kumbukumbu ya binadamu. Watu husahau, hukosea kukadiria kiasi, na wakati mwingine husema kile wanachodhani mhojaji angependa kusikia.

Ugumu huo huongezeka linapokuja suala la nafaka isiyokobolewa, yaani nafaka iliyobaki na sehemu zake zote tatu: pumba, kiini na sehemu ya ndani yenye wanga. Mlaji anaweza kujibu kwa uaminifu kabisa na bado akakosea, kwa sababu hajui unga uliotumika. Mkate wenye rangi ya kahawia huenda umepata rangi hiyo kutokana na karameli iliyochanganywa na unga mweupe, ilhali biskuti yenye pumba nyingi haidhaniwi kabisa kuwa nayo.

Suala hili lina uzito katika afya ya jamii. Uchambuzi wa mzigo wa magonjwa duniani uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet, na uliohusisha nchi 195, ulikadiria kuwa ulaji mdogo wa nafaka isiyokobolewa ulihusishwa na vifo vipatavyo milioni 3 katika mwaka 2017. Kiwango hicho kiliiweka kasoro hiyo ya mlo miongoni mwa zile zinazoongoza, sambamba na ulaji wa chumvi kupita kiasi. Makadirio ya namna hiyo hayawezi kuwa imara kuliko taarifa za ulaji zinazoyabeba. Zaidi ya hayo, makosa ya kubahatisha katika hojaji hufifisha uhusiano uliopo kati ya chakula na ugonjwa, hata manufaa ya kweli yakaonekana madogo au yasionekane kabisa. Ndiyo maana watafiti wameelekea kwenye viashiria vya kibayolojia, yaani kemikali zinazoweza kupimwa mwilini na kueleza kilicholiwa bila kumtegemea mlaji akumbuke.

Alama iliyomo katika pumba

Kiashiria kilichochunguzwa zaidi kwa ngano na rai, nafaka ya nchi za baridi inayofanana na ngano, ni kundi la kemikali zinazoitwa alkilirezosinoli. Kemikali hizi zina asili ya mafuta, na katika punje hukaa kwenye tabaka za nje zinazoondoka pamoja na pumba. Kwa hiyo unga mweupe huwa nazo kwa kiasi kidogo sana, na unga usiokobolewa huwa nazo kwa wingi. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2003 vilionyesha kuwa gramu moja ya ngano ilikuwa na mikrogramu 489 hadi 1,429, rai mikrogramu 720 hadi 761, na shayiri mikrogramu 42 hadi 51 tu.

Alkilirezosinoli hutofautiana kwa urefu wa mnyororo wake wa kaboni, na tofauti hiyo ina manufaa. Watafiti hulinganisha kiasi cha zile zenye mnyororo wa kaboni 17 na zile za kaboni 21. Katika rai uwiano huo hukaribia 1, katika ngano ya kawaida hukaribia 0.1, na katika ngano ngumu ya kutengenezea tambi hushuka hadi karibu 0.01. Hivyo sampuli moja ya damu inaweza kudokeza si tu kwamba mtu amekula nafaka yenye pumba, bali pia ni nafaka ipi iliyotawala katika mlo wake.

Safari ya kuingia na kutoka mwilini

Baada ya kuliwa, alkilirezosinoli hufyonzwa katika utumbo mwembamba, hupitia mfumo wa limfu na kuingia katika damu zikiwa zimebebwa na chembe zile zile zinazosafirisha mafuta. Baadhi hujipenyeza katika utando wa seli nyekundu za damu, na nyingine huhifadhiwa katika tishu za mafuta. Ini huzivunja kuwa kemikali ndogo zinazotoka kwa mkojo. Kwa hiyo mtafiti anaweza kupima plazma, ambayo ni sehemu ya majimaji ya damu, au akapima mabaki yake katika mkojo.

Kiasi cha alkilirezosinoli katika plazma hupungua kwa nusu kila baada ya saa 5 hivi. Kwa mtu anayekula mkate wa rai asubuhi, mchana na jioni, kama walivyo wengi katika nchi za Skandinavia, kiwango cha damu hakishuki sana kabla ya mlo mwingine kukipandisha, na kipimo kimoja huweza kuwakilisha mazoea yake. Kwa anayekula ngano isiyokobolewa mara moja kwa juma, kipimo hicho hicho hutegemea zaidi siku aliyotolewa damu kuliko mazoea yake. Tishu za mafuta huhifadhi kumbukumbu ya muda mrefu zaidi, lakini kuzipata ni kazi ngumu kuliko kuchoma sindano mkononi.

Faida yake katika utafiti

Thamani ya kiashiria huonekana hasa pale matokeo yasipotarajiwa. Nchini Uingereza, utafiti ulioitwa WHOLEheart uliwapa washiriki vyakula vya nafaka isiyokobolewa kwa wiki 16, wengine gramu 60 kwa siku na wengine wakapandishwa hadi gramu 120. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 hayakuonyesha nafuu ya maana katika vipimo vya hatari ya maradhi ya moyo. Swali la kwanza la msomaji makini lingekuwa kama washiriki walikula kweli walichopewa. Vipimo vya alkilirezosinoli vilionyesha viwango vikipanda kadiri ulaji ulivyoongezeka. Kwa ushahidi huo, matokeo hayawezi kuelezwa kirahisi kwa kudai kwamba washiriki waliacha chakula kabatini, na mjadala ukabaki pale unapostahili, yaani juu ya muda, kiasi na aina ya watu waliochunguzwa.

Kiashiria hicho kimetumika pia katika EPIC, utafiti mkubwa wa saratani na lishe uliosajili zaidi ya watu nusu milioni katika nchi 10 za Ulaya. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014 uligundua kuwa wenye viwango vya juu vya alkilirezosinoli katika plazma walipata kwa nadra zaidi saratani ya sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Uhusiano huo haukuwa sawa katika sehemu zote za utumbo, na utafiti wa aina hiyo hauthibitishi peke yake kuwa nafaka ndiyo iliyozuia saratani.

Hapa tahadhari inahitajika. Alkilirezosinoli ni shahidi wa chakula, wala si lazima ziwe ndizo zinazoleta afya. Zaidi, zinashuhudia pumba: mtu aliyenyunyiza pumba za ngano juu ya uji wa unga mweupe ataonekana kama aliyekula nafaka nzima. Tena, kwa kuwa husafirishwa pamoja na mafuta ya damu, kiwango chake huathiriwa na wingi wa mafuta hayo.

Shahidi asiyeijua dona

Mpaka ulio mkubwa zaidi kwa Afrika Mashariki unatokana na aina ya nafaka. Vipimo vile vile vya mwaka 2003 havikupata alkilirezosinoli katika mahindi, mchele, mtama, uwele wala oti. Kwa oti kuna kemikali nyingine za pekee, ziitwazo avenanthramidi, ambazo zimechunguzwa kwa kazi hiyo. Mahindi, yanayolisha mamilioni ya kaya katika ukanda huu, hayana kiashiria kilichokubalika kwa namna ngano na rai zilivyo nacho.

Maana yake ni rahisi kuonyesha kwa mfano wa nyumba mbili. Katika ya kwanza hupikwa ugali wa dona kila siku, unga uliosagwa pamoja na pumba na kiini chake. Katika ya pili huliwa ugali wa sembe iliyokobolewa, na asubuhi chapati za unga wa ata. Kipimo cha Skandinavia kikitumika bila kufikiriwa, nyumba ya pili itahesabiwa kuwa ndiyo inayokula nafaka isiyokobolewa, na ya kwanza itahesabiwa kuwa haili kabisa. Kosa la namna hiyo lisingetokana na maabara mbovu, kwani mashine ingekuwa imepima sawasawa. Kosa lingekuwa katika kumwita shahidi aeleze jambo ambalo hakulishuhudia.

Kwa hiyo, kabla ya kipimo chochote cha damu kutumika kupima mlo wa jamii, maswali matatu hayana budi kujibiwa: jamii hiyo hula nafaka gani, huila mara ngapi, na je, kemikali inayopimwa imo katika nafaka hiyo? Pale ngano na rai zinapoliwa kila siku, alkilirezosinoli huipa hojaji msaada ambao kumbukumbu haiwezi kuutoa. Pale ugali wa dona unapokuwa ndio mlo, hojaji iliyoandaliwa kwa uangalifu, inayotaja dona na sembe kwa majina yake na kuuliza unga ulisagwa vipi, bado inamzidi shahidi wa damu.