Kwa nini nilirudi kwenye Boxer yangu

Ukikaa Ifakara wiki moja tu, utaizoea sauti ya Boxer. Ndiyo inayopeleka abiria stendi, ndiyo inayobeba gunia la mchele kutoka mashineni, na ndiyo inayonipeleka mimi kazini. Utafiti wangu ni wa mbu. Alfajiri nakusanya mbu walionaswa kwenye mitego vijijini, nawaweka kwenye vikombe vyenye wavu, kisha nawawahisha maabara wakiwa hai kabla jua halijawa kali. Kwa hiyo pikipiki kwangu ni kifaa cha kazi kama hadubini.

Baada ya miaka mitatu na pikipiki ileile, niliichoka. Rafiki yangu alikuwa anauza pikipiki ya mbio: tangi limenyanyuka, usukani uko chini, ukiipanda unainama kama unatafuta shilingi iliyokudondoka. Ukubwa wa injini ulikaribiana na wa Boxer yangu, lakini nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi yake ilikuwa karibu mara mbili. Nikaomba niijaribu siku moja kabla sijatoa akiba yangu.

Kwenda Lupiro nilifurahi sana. Juu ya Daraja la Magufuli, lile la mita 384 lililozinduliwa mwaka 2018 na kuchukua nafasi ya kivuko, nilijiona mfalme. Ila ilikuwa masika, na usiku mvua ilinyesha. Asubuhi, wakati wa kurudi na mzigo, barabara ya udongo ilikuwa tope tupu. Injini ilinizimikia mara nne, viganja vikafa ganzi, na nilifika nimechelewa mno. Zaidi ya nusu ya mbu walikuwa wamekufa. Kuna familia zilizotufungulia nyumba zao usiku ule ili tutege mitego, na data yao ikapotea.

Nilitaka kujua kosa lilikuwa wapi. Jibu liko kwenye fizikia ya sekondari.

Nguvu ipi unayoizungumzia?

Fikiria unaendesha baiskeli yenye gunia nyuma. Jinsi unavyokandamiza pedali kwa uzito ni jambo moja, tuite msokoto. Jinsi unavyozizungusha kwa haraka ni jambo la pili. Ukizidisha msokoto kwa kasi ya mzunguko, unapata uwezo, na huo ndio wauzaji wanaouita "nguvu ya pikipiki".

Sasa tuweke namba za mfano. Injini yenye msokoto wa nyutoni-mita 12 ikizunguka mara 5,000 kwa dakika inatoa kama kilowati 6.3. Msokoto huohuo kwenye mizunguko 10,000 unatoa kilowati 12.6. Umeona? Uwezo umekuwa mara mbili, lakini msukumo wa injini haujaongezeka hata kidogo. Imezunguka haraka zaidi, basi.

Hapo ndipo nilipodanganyika. Injini ya mbio imeundwa ipumue vizuri ikiwa kwenye mizunguko mingi: vali zake hukaa wazi kwa muda mrefu ili hewa na mafuta viwahi kuingia. Ikizunguka polepole, mpangilio huo hauisaidii, na msokoto unapungua. Tena gia yake ya kwanza hutengenezwa kwa ajili ya mwendo mkubwa, kwa hiyo haiongezi sana msukumo kwenye tairi. Kwenye tope unakwenda taratibu, na ukivuta mafuta mengi tairi linateleza. Usipovuta, injini inazima. Boxer inatoa msukumo wake mapema, pale ambapo barabara zetu zinauhitaji.

Na kwa nini unainama?

Upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo. Ukitoka kilomita 40 kwa saa hadi 120, mwendo umeongezeka mara tatu, lakini hewa inakusukuma mara tisa. Kwenye mwendo huo kuinama kuna maana: unaukwepa upepo, na ule unaokupiga kifuani unasaidia kupunguza uzito kwenye mikono. Kwenye kilomita 40 hakuna upepo wa kukubeba. Uzito wote wa kifua unashukia kwenye viganja, na tairi la mbele linazidi kuzama kwenye tope. Kwenye Boxer unakaa wima, uzito uko kwenye siti na miguuni, na mguu unawahi chini pikipiki ikianza kulala.

Sisemi pikipiki ya mbio ni mbaya. Kwenye lami ndefu ya Morogoro kwenda Dodoma, mimi na Boxer yangu tungeachwa mbali, na mgongo wangu ungelaumu upepo. Kila moja imejibu swali lake. Kosa langu lilikuwa kusoma namba moja kwenye karatasi na kudhani inajibu maswali yote.

Kwa hiyo ukienda kununua, usiulize tu nguvu ni kiasi gani. Uliza inapatikana kwenye mizunguko mingapi. Kisha fanya jaribio hili kwenye uwanja tambarare: tia gia ya kwanza, achia klachi polepole bila kuongeza mafuta. Ikitambaa kwa utulivu, ina msokoto wa chini. Ikitetemeka na kuzima, ujue kwenye matope utaisukuma. Na uijaribu ukiwa na mzigo wako wa kila siku, maana peke yako kila pikipiki ni nyepesi.

Ile akiba sikuitoa yote. Nilinunua tairi jipya la nyuma na seti ya cheni na sproketi, na fundi wangu akanicheka kwamba nimerudi nyumbani. Wiki iliyofuata nikaenda tena Lupiro, kwa familia zilezile, nikaomba radhi na kutega upya. Kabla ya saa mbili asubuhi vikombe vyote vilikuwa maabara, na mbu walikuwa wanaruka.