Flashi Inayojibu kwa Niaba ya Kompyuta

Wengi wanaotaka kuweka macOS kwenye kompyuta ambayo haikutengenezwa na Apple hudhani ugumu uko kwenye kuupata mfumo endeshi wenyewe. Sivyo. Mfumo hupakuliwa bila malipo, na flashi ya GB 32 hutosha kuubeba. Ugumu uko kwenye swali ambalo macOS huiuliza mashine kila inapowashwa: wewe ni nani?

Hadi mwaka 2005 swali hilo halikuwa na maana. Mac zilitumia prosesa za PowerPC, na kompyuta ya Intel isingeweza kufuata amri za mfumo ulioandikiwa prosesa hizo. Juni mwaka huo Steve Jobs alitangaza kuhamia Intel, na Januari 2006 Mac za kwanza za aina hiyo zikatoka. Tangu hapo vipuri vya Mac vikafanana mno na vya kompyuta nyingine, na kilichobaki kuzitenganisha kikawa programu na leseni. Ndani ya Mac kulikuwa na chipu iitwayo SMC, msimamizi wa umeme, feni na joto. macOS husoma humo maneno fulani ya utambulisho. Isipoyapata, haiendelei kuwaka.

Kompyuta inayovuka kizuizi hicho huitwa Hackintosh. Chombo kinachotumika zaidi siku hizi ni OpenCore, programu ndogo inayokaa kwenye sehemu ya flashi iitwayo EFI na kuamka kabla ya macOS. Huitambulisha mashine kama modeli fulani ya Mac, tuseme iMac ya 2019. Hurekebisha majedwali ya ACPI, yaani maelezo ya vipuri ambayo aghalabu watengenezaji wa bodi huyaandika wakiifikiria Windows. Kisha hupakia viendeshi: VirtualSMC hutoa majibu ya ile chipu isiyokuwepo, na WhateverGreen hushughulikia kadi ya picha. Faili za mfumo wenyewe haziguswi, na hapo ndipo ninapouona ustadi wa kazi hii. Zamani zilizagaa nakala zilizokwisha kuchezewa. Sasisho moja lilitosha kuziharibu, na aliyezitumia hakujua ni nini kingine kilichopachikwa ndani.

Vilevile, usinakili folda ya EFI ya mtu mwingine ukatarajia usalama. Majibu yaliyomo yameandikwa kwa bodi yake, si yako. Kosa la mstari mmoja kwenye config.plist, faili ya mipangilio ya OpenCore, laweza kuiacha skrini imekwama katikati ya kuwaka. Na kuna vipuri visivyo na jibu: kadi nyingi za NVIDIA zilikosa viendeshi tangu toleo la Mojave la 2018, hata ungezisihi vipi.

Leseni nayo iko wazi: macOS ni kwa kompyuta zenye chapa ya Apple pekee. Kampuni ya Psystar ya Florida ilipoanza kuuza kompyuta za namna hii mwaka 2008, Apple iliishtaki mwaka huo huo. Mwishoni mwa 2009 mahakama iliizuia kabisa, na mwaka 2011 mahakama ya rufaa ikaunga mkono amri hiyo.

Lakini kilichoufunga mlango huu hasa ni prosesa. Novemba 2020 Apple ilileta M1, chipu yake yenyewe, ambayo haiuzwi kwa mtengenezaji mwingine yeyote. Juni 2025 ikatangaza kuwa macOS Tahoe ndiyo ya mwisho kwa mashine za Intel. Toleo litakalofuata litaandikwa kwa lugha ya prosesa ambayo flashi haiwezi kuiigiza.

Basi kama shida yako ni kompyuta ya zamani unayotaka iendelee kufanya kazi, weka Linux Mint au Ubuntu kwenye flashi hiyo hiyo. Leseni zake zinakuruhusu, na unaweza kuijaribu moja kwa moja kutoka kwenye flashi kabla ya kugusa diski. Ila nakili faili zako kwanza mahali pengine, kwa sababu diski ikishafomatiwa kuzirudisha ni bahati.