Upangaji wa Mipangilio ya Akaunti katika Huduma ya Makontena ya Wingu kupitia API: Ufafanuzi kwa Mfano wa Kumbukumbu za Mauzo ya Dhahabu Katoro

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna mipangilio ya akaunti ya huduma ya makontena ya Amazon ECS inavyowekwa, kusomwa na kufutwa kwa njia ya kiolesura cha programu, yaani API. Hoja kuu ni kwamba mpangilio wa akaunti huamua mambo kwa niaba ya yule ambaye hakusema lolote. Kwa hiyo, usahihi wake haupimwi kwa kuangalia ombi lililotumwa tu, bali kwa kujua ni nani anayeguswa, katika kanda ipi na kuanzia lini. Ufafanuzi unajengwa juu ya mfano wa kufikirika wa mfumo wa stakabadhi za wanunuzi wa dhahabu katika mji wa Katoro, mkoani Geita.

1.0 Utangulizi

Katoro ni mji wa biashara ulio kando ya barabara itokayo Geita kuelekea Chato na Biharamulo. Sehemu ya uhai wake hutokana na dhahabu ya wachimbaji wadogo wa maeneo ya jirani kama vile Rwamgasa na Nyarugusu. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yalipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 4 hadi 6, na mwaka huohuo ikaanzishwa ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Machi 2019, soko la dhahabu la Geita lilifunguliwa ili biashara hiyo ifanyike mahali panapojulikana na kwa kumbukumbu zinazokaguliwa. Katika mazingira hayo, gramu isiyoandikwa si kosa la karani peke yake: mchimbaji hupoteza ushahidi wa alichouza, na serikali hupoteza mapato.

Ichukuliwe kwamba kikundi kidogo cha wataalamu kimeunda programu ya kutoa stakabadhi za mauzo hayo, na kwamba programu hiyo inaendeshwa ndani ya makontena katika seva za kukodi. Kontena ni kifungashio kinachobeba programu pamoja na vyote inavyovihitaji ili iweze kufanya kazi kwenye mashine mbalimbali. Amazon ECS, huduma iliyotangazwa Novemba 2014, huanzisha makontena ya namna hiyo, huyasimamia na kuyabadilisha yanapokufa.

2.0 Dhana ya Mpangilio wa Akaunti

Mpangilio wa akaunti ni jozi ya jina na thamani. Kwa mfano, containerInsights huamua iwapo klasta mpya zitakusanya vipimo vya utendaji. Mpangilio wa fargateTaskRetirementWaitPeriod huamua siku za kusubiri kabla ya kazi inayoendeshwa kwenye Fargate kuondolewa ili kupisha marekebisho ya mfumo, ambazo ni 0, 7 au 14, na 7 ndiyo chaguo-msingi. Na defaultLogDriverMode huamua namna kumbukumbu za utendaji zinavyotumwa.

Mipangilio hii ina sifa tatu ambazo aghalabu hupuuzwa. Kwanza, huwekwa kwa kila kanda peke yake. Kilichowekwa katika kanda ya Cape Town, iliyofunguliwa Aprili 2020, hakigusi kanda ya Ireland. Pili, mpangilio unaweza kuwa wa mtumiaji au dhima moja, au ukawa wa akaunti nzima. Tatu, kwa sehemu kubwa huathiri vitakavyoundwa baadaye. Klasta iliyoundwa kabla ya containerInsights kuwashwa hubaki kama ilivyokuwa hadi yenyewe ibadilishwe.

3.0 Maombi Manne ya API

API ya huduma hii ina maombi manne yanayohusu mipangilio ya akaunti. PutAccountSetting huweka mpangilio wa mtumiaji au dhima moja; mhusika asipotajwa kwa principalArn, huchukuliwa kuwa ni yule anayetuma ombi. PutAccountSettingDefault huweka mpangilio wa wote ambao hawajawekewa wa kwao. DeleteAccountSetting hufuta mpangilio wa mhusika, naye hurudi chini ya ule wa jumla. ListAccountSettings husoma yaliyopo.

Tofauti kati ya mawili ya kwanza ndiyo chanzo cha makosa mengi. Mtaalamu anaweza kuwasha containerInsights kwa PutAccountSetting akiwa ameingia kwa dhima yake, akaunda klasta ya majaribio na kuona vipimo vinakuja. Lakini klasta halisi huundwa na mashine ya usambazaji, yenye dhima nyingine. Mashine hiyo haikuguswa na ombi lile, na klasta yake haitakuwa na vipimo. Hakuna kosa litakaloripotiwa, kwa kuwa hakuna kanuni iliyovunjwa.

Usomaji nao una mtego wake. ListAccountSettings ikitumwa bila effectiveSettings kuwa true, hurudisha tu mipangilio iliyowekwa waziwazi kwa mhusika; ikiwa hakuna, jibu huwa tupu. Jibu tupu halimaanishi kwamba hakuna mpangilio unaotawala. Humaanisha kwamba mhusika anatawaliwa na uamuzi uliofanywa mahali pengine.

4.0 Mfano wa Katoro: Kusubiri au Kupoteza

Umuhimu wa jambo hili unaonekana zaidi katika defaultLogDriverMode. Thamani yake ni blocking au non-blocking. Katika hali ya kwanza, njia ya kupeleka kumbukumbu ikikwama, programu inayoandika kumbukumbu husubiri. Ikisubiri mno, huacha kujibu. Katika hali ya pili, ujumbe huwekwa kwenye hifadhi ya muda, na programu huendelea na kazi. Hifadhi hiyo ikijaa, ujumbe hutupwa.

Hadi Juni 2025, chaguo-msingi la huduma lilikuwa kusubiri. Tarehe 25 Juni 2025 likabadilishwa kuwa kutosubiri, ili upatikanaji wa huduma upewe kipaumbele juu ya kumbukumbu. Kikundi ambacho hakikuwa kimetaja lolote kilihamishwa kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kugusa mstari wowote wa programu yake.

Kwa mnunuzi wa Katoro, hali ya kwanza ikifika ukomo wake humaanisha foleni inayosimama na stakabadhi isiyotoka. Hali ya pili humaanisha kwamba stakabadhi zinatoka, lakini siku mchimbaji atakapolalamika kwamba uzito ulioandikwa si ule uliopimwa, huenda mstari wa kumbukumbu unaohitajika haupo. Ikumbukwe pia kwamba njia inayokwama hapa ni ile iliyo kati ya seva na ghala la kumbukumbu, si mtandao wa simu wa Katoro. Kulaumu mnara kungepeleka uchunguzi mahali pasipohusika.

Akaunti ikitaka kurudia hali ya kusubiri, ombi la PutAccountSettingDefault hubeba mwili ufuatao:

{"name": "defaultLogDriverMode", "value": "blocking"}

Jibu hurudisha jina, thamani na principalArn. Kipengele hiki cha mwisho ndicho cha kusomwa kwa makini, kwa kuwa hutaja anayeguswa. Hata hivyo, maelezo ya kazi yanayotaja hali yake yenyewe hushinda mpangilio wa akaunti. Na mpangilio wa akaunti hushinda chaguo-msingi la huduma.

5.0 Mapendekezo

Kutokana na ufafanuzi huu, mambo manne yanafaa kuzingatiwa. Mosi, kila kanda isomwe kwa effectiveSettings kabla na baada ya badiliko, na majibu yahifadhiwe. Pili, usomaji ufanywe kwa dhima inayosambaza programu, si ya mtaalamu. Tatu, jambo lenye uzito litajwe ndani ya maelezo ya kazi, lisiachiwe chaguo-msingi. Nne, uzito, bei na mrabaha viandikwe kwenye hifadhidata kabla stakabadhi haijatolewa, ili ushahidi wa mauzo usitegemee kumbukumbu za utendaji. Aidha, kwa kuwa majina ya wauzaji ni taarifa binafsi, uteuzi wa kanda iliyo nje ya nchi uzingatie Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023.

6.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba ombi la API linaweza kuwa fupi na sahihi, na bado lisimguse aliyekusudiwa. Kati ya kusubiri na kupoteza hakuna chaguo lisilo na gharama. Kinachotakiwa ni kwamba gharama hiyo ichaguliwe na wanaowajibika kwa mchimbaji na mnunuzi, na ichaguliwe kwa kutajwa.