Kilele cha Mavuno: Kalkulasi ya Upeo na Swali la Idadi ya Vyombo katika Ziwa Mweru

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi kalkulasi inavyotumika kutafuta kiwango cha juu kabisa cha mavuno ya samaki, kwa kuchukua uvuvi wa Kashikishi, wilayani Nchelenge, nchini Zambia, kama mfano. Yanaonesha kwamba swali la "vyombo vingapi vinatosha" lina majibu matatu tofauti, na kwamba anayeshauri sera hana budi kueleza ni jibu gani analolitetea.

1. Utangulizi

Ziwa Mweru limegawanywa na mpaka wa Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mto Luapula huingia kutoka kusini; mto Luvua hutoka kaskazini, karibu na Pweto. Kashikishi iko upande wa Zambia, ambako Kibemba ndiyo lugha ya soko. Kilwa iko ng'ambo, upande wa Katanga, ambako wachuuzi huelewana kwa Kiswahili. Samaki hawajui mpaka huo. Wavuvi hutafuta hasa pale, aina ya perege, na chisense, dagaa wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa.

Ziwa hili limewahi kutoa funzo chungu. Mpumbu, samaki aliyepanda Luapula kwa makundi wakati wa mvua ili kutaga mayai, alivuliwa kwa wingi katika safari hiyo hiyo ya kuzaa, na uvuvi wake uliporomoka katika miaka ya 1940. Hivi leo Zambia hufunga uvuvi katika ziwa hili tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Hata hivyo, kufunga msimu hakujibu swali la pili: katika miezi iliyobaki, vyombo viwe vingapi?

2. Msingi wa kihisabati

Mwaka 1615, Johannes Kepler alipochunguza vipimo vya mapipa ya mvinyo, aligundua kwamba karibu na kilele mabadiliko huwa madogo mno. Pierre de Fermat aliigeuza fikra hiyo kuwa mbinu: penye kilele au bondeni kabisa, mteremko wa mchirizo laini ni sifuri. Kwa hiyo tunatafuta kasi ya mabadiliko ya kiasi tunachokichunguza, tunailinganisha na sifuri, kisha tunahakiki kama tumefika kileleni au bondeni.

Mwaka 1954 Milner Schaefer aliitumia mbinu hii kwa uvuvi. Tuseme N ni wingi wa samaki, K ni wingi ambao ziwa linaweza kuubeba, na r ni kasi ya kuzaliana. Ongezeko la samaki kwa mwaka ni:

G = rN(1 – N/K)

Kasi ya mabadiliko ya G kadiri N inavyobadilika ni r – 2rN/K. Ikilinganishwa na sifuri, tunapata N = K/2. Tukiitafutia kasi hiyo nayo kasi yake ya mabadiliko, tunapata –2r/K, ambayo ni hasi. Basi hapo ni kilele, si bonde. Ziwa lililojaa samaki haliongezi, wala lililokaushwa haliongezi. Huongeza zaidi likiwa nusu ya uwezo wake.

3. Mfano wa hesabu

Mfumo huo ukitulia, mavuno ya mwaka, Y, hutegemea idadi ya vyombo, E, kwa mlinganyo wa kipeo cha pili. Tarakimu zifuatazo ni za kufikirika, kwa ajili ya kufafanua tu:

Y = 20E – 0.05E² (tani kwa mwaka)

Tuchukulie pia kwamba gharama za chombo kimoja kwa mwaka, yaani nyavu, mafuta na ujira, ni sawa na thamani ya tani 8.

Jibu la kwanza ni la mavuno makubwa kabisa. Kasi ya mabadiliko ni 20 – 0.1E; ikiwa sifuri, E = 200 na Y = tani 2,000.

Jibu la pili ni la faida kubwa kabisa. Faida ni 12E – 0.05E², mteremko wake, 12 – 0.1E, huwa sifuri E ikiwa 120. Mavuno ni tani 1,680 na faida ni tani 720.

Jibu la tatu halichaguliwi na mtu yeyote, hujitokeza lenyewe. Mwaka 1954 huo huo, mwanauchumi H. Scott Gordon alionesha kwamba ziwa likiwa wazi kwa wote, watu huendelea kuingia hadi faida itoweke. Hapa faida huwa sifuri E ikiwa 240: mara mbili kamili ya jibu la pili. Mavuno ni tani 1,920. Vyombo 120 vya ziada vimeongeza tani 240 tu, huku vikigharimu tani 960.

4. Kilele ni tambarare

Uchunguzi wa Kepler una manufaa makubwa kwa mshauri wa sera. Tukipunguza vyombo kutoka 200 hadi 180, mavuno yanakuwa tani 1,980. Tumeacha sehemu moja ya kumi ya juhudi, tukapoteza asilimia moja ya samaki, tukaokoa gharama za tani 160. Kurudi nyuma kidogo kutoka kileleni ni bei nafuu.

Tena kilele chenyewe husogea. Tafiti za maziwa ya kusini mwa Afrika, ikiwemo ripoti ya FAO ya mwaka 2003 iliyolihusisha Mweru, zimesisitiza kwamba kupanda na kushuka kwa maji hubadilisha uzalishaji wa samaki. Tuseme kipindi kirefu cha maji machache kinaishusha 20 hadi 16. Kilele sasa ni vyombo 160. Vyombo 200 vitapata tani 1,200. Vyombo 120 vitapata tani 1,200 vilevile. Tofauti ni kwamba 120 hubaki na faida ya tani 240, ilhali 200 huingia hasara ya tani 400. Hasara hiyo huangukia kaya za wavuvi.

5. Mipaka ya mfano

Mlinganyo mmoja hautoshi ziwa lote. Chisense huzaliana upesi na maisha yake ni mafupi. R yake ni kubwa kuliko ya pale, kwa hiyo kila aina ina kilele chake. Aidha, E ni jumla ya vyombo vya pande zote mbili: Nchelenge ikipunguza peke yake, nafasi itajazwa kutoka ng'ambo. Mwisho, kalkulasi haisemi nani aondoke ziwani. Faida kubwa kwa vyombo 120 yaweza kumaanisha kaya 120 zisizo na kazi, mahali ambapo uvuvi ndio kimbilio la wengi.

6. Hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu: lengo la sera litajwe waziwazi, liwe mavuno, faida au ajira, kikomo kiwekwe chini ya kilele, kwa kuzingatia miaka ya maji machache, na vyombo vihesabiwe kwa pamoja kati ya Zambia na Kongo. Bila hesabu ya pamoja, mteremko tunaoupima ni wa nusu ya ziwa.